Moto wa Nyumbani ni wa Nani?

Miezi ya Juni na Julai baridi kali hushuka juu ya milima ya Umatengo. Wenzetu wa Mbamba Bay, walio chini kando ya ziwa, hawana haja kubwa ya moto ila wa kupikia. Bali huku Mapera watu huota kabla ya kulala. Ndipo lazuka swali: Je, mwenye nyumba apunguzaye kuni ni mtu wa busara, au ni mchoyo?

Wako wasemao, “Kuni nimezikata shambani mwangu, nikiziteketeza zote usiku mmoja, nimemdhulumu nani?” Neno hili laonekana kuwa la haki, walakini na tulipime. Kuni hazikuja zenyewe jikoni. Mara nyingi zimeletwa kichwani mwa mama au binti, aliyepanda na kushuka mlima. Basi gogo likiungua bure, haukupotea mti tu, bali na jasho la mwingine. Tena mti usimamao penye chemchemi si wa mtu mmoja, kwa maana hulinda maji yanywewayo na walio bondeni. Wazee Wamatengo walichimba ngoro, yale mashimo ya shambani, ili mvua isichukue udongo wa mlimani. Wao waliutunza udongo. Sisi je, tusiitunze miti?

Wengine wasema, “Babu zetu waliacha magogo yawake hata alfajiri, wala hawakulaumiwa.” Ni kweli, lakini watu walikuwa wachache, na msitu ulikuwa mwingi. Desturi isiyodhuru mtu zamani yaweza kuwa dhuluma leo, ijapokuwa tendo ni lile lile.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, amlaumu mtu amwambiaye ndugu asiye na nguo aende akaote moto, wala hampi kitu. Afichaye kuni hali mgeni atetemeka hana uwekevu; moyo wake ndio wenye baridi. Mtazameni mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17. Alikuwa akiokota kuni mbili tu, na kwa moto ule mdogo alimpikia mgeni kwanza. Kumbe uwekevu na ukarimu vyaweza kukaa penye meko mamoja! Na hiki ndicho kipimo: uchoyo huweka akiba kwa ajili ya nafsi, uwekevu huweka ili na mwingine apate.

Basi yatupasa kufanya nini? Kata kuni mapema, uzipasue na kuzianika, maana ukuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake wenyewe. Matawi ya mibuni yapogolewayo yasitupwe. Ziba nyufa za chumba cha kulala; na nyumba ya bati itiwe dari, kwa kuwa bati hupoteza joto upesi usiku. Palipo na moto, acha njia ya moshi. Wala usilale kamwe na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa: hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini.

Na kuni zilizobaki? Mpelekee mgonjwa, au kikongwe asiye na wa kumchanjia. Hapo ndipo itakapojulikana kama ulizibana kwa upendo au kwa uchoyo.