Una Swali kwa Shahidi?

Kesi hii nimeitunga kwa ajili ya funzo, lakini hakuna kipande chake kisichoweza kutokea kesho Masasi au Newala.

Ni msimu wa korosho. Ghala la chama cha msingi, bondeni upande wa Masasi, linavunjwa usiku na magunia yanabebwa. Wapelelezi wanaiomba kampuni ya simu orodha ya laini zilizopita kwenye mnara wa jirani na ghala saa zile. Limo jina la mzee mmoja wa Newala ambaye majuzi tu aligombana na viongozi wa chama kuhusu malipo yake. Anakamatwa alfajiri.

Mzee hakutoka nyumbani usiku ule. Laini aliisajili kwa alama ya kidole chake kwa sababu mpwa wake alikuwa hajapata namba ya NIDA. Mjomba gani wa Kimakonde angemnyima mwana wa dada yake jambo dogo kama hilo? Anayeitumia ni kijana, na usiku huo kijana alikuwa Newala, ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, akiongea na mchumba wake.

Anayeijua Newala ataona mara moja tatizo liko wapi. Ukisimama Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele ya miguu yako na bonde la Ruvuma linatanda mpaka Msumbiji. Simu iliyo ukingoni hivyo haina kizuizi kati yake na minara ya mbali kule chini. Mnara wa mjini ukizidiwa, au umeme ukikatika, inaweza kuhudumiwa na mnara wa bondeni. Aliye chini ya genge naye anaweza asiupate kabisa mnara ulio juu ya kichwa chake, na karibu na mto simu ikadaka mtandao wa Msumbiji. Katika teknolojia ya GSM, kikomo cha kawaida cha mnara ni kilomita 35. Kwa hiyo orodha ya kampuni haikusema uongo: laini ile ilipita kwenye mnara ule. Haikusema simu ilikuwa mkononi mwa nani, wala mwenye mkono huo alisimama wapi.

Mahakamani mtaalamu anaisoma orodha, kisha anaongeza sentensi isiyomo ndani yake: "Mshtakiwa alikuwa eneo la tukio." Hakimu anamgeukia mzee, ambaye hana wakili.

"Una swali kwa shahidi?"

"Sina, Mheshimiwa. Mambo ya mitambo siyajui."

Anafungwa.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya nchi maskini. Mwaka 2019 Denmark iligundua kuwa programu ya polisi ya kuchambua taarifa za kampuni za simu ilikuwa ikidondosha baadhi ya miito, na nyakati nyingine simu zilihusishwa na minara isiyo yake. Waendesha mashtaka wakasimamisha matumizi ya ushahidi huo kwa miezi 2, na kesi zipatazo 10,700 zikabidi zipitiwe upya. Kabla ya hapo karatasi zilisomwa mahakamani, na mtambo ukaaminiwa kwa sababu tu ni mtambo.

Sheria yetu haidai imani hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama itazame jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kutumwa, ilivyolindwa isichezewe, na jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Hilo la mwisho peke yake lingetosha kumtoa mzee wetu kizimbani. Lakini nani alisimamie? Mkulima hawezi kumhoji mtaalamu wa mitandao, na ni ukatili kumtarajia aweze. Ndiyo maana naona Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ina uzito kuliko kifaa chochote cha uchunguzi: inamruhusu hakimu, akiona mshtakiwa wa jinai hana uwezo na haki inahitaji, aelekeze apatiwe msaada huo. Kesi inayosimama juu ya orodha ya minara ingepaswa kuanzia hapo.

Na wakili wa msaada huo hahitaji kuwa mhandisi. Angeanza hivi: "Shahidi, laini hii anaitumia nani, na mlimuuliza nani? Mlipanda Newala na simu, mkasimama ukingoni, mkaangalia inashika mnara gani?"