Hodi kwa Mwenye Ndege

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni mhandisi nchini Uingereza, alinipigia simu jioni moja mwaka juzi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu niliyemfundisha kuhesabu kwa vijiti. Yeye na wenzake wanne walitaka kuchanga fedha wanunue ndege ya jeti ya mafunzo, iliyostaafishwa na jeshi, ili wairushe siku za mapumziko. Si kwa biashara wala kwa safari. Kwa mchezo tu. "Mwalimu," akasema, "fedha ni zangu, nimezitolea jasho. Kuna ubaya gani?"

Nilimwomba muda wa kufikiri. Mtu aliyestaafu hana haraka, na hapa Tosamaganga jioni ni ndefu.

Kwanza nilitaka kuielewa mali yenyewe. Ndege ya mafunzo ina viti viwili, kimoja cha mwanafunzi na kingine cha mwalimu, na kila kiti kina vyombo vyake vya kuongozea, ili mwanafunzi akikosea mwalimu aichukue ndege mara moja. Maarufu kati ya hizo ni L-39 Albatros, iliyobuniwa Chekoslovakia na kuruka mara ya kwanza mwaka 1968. Zilitengenezwa karibu 2,900. Baada ya Vita Baridi kwisha, majeshi mengi yaliuza ndege zao za aina hiyo, na matajiri wa Marekani wakazinunua. Kuanzia mwaka 2002 wakawa wanashindana nazo katika mbio za ndege za Reno, jimbo la Nevada.

Wala jambo hili haliko mbali nasi kama tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jeshi la Anga la Kenya lilinunua Uingereza ndege za Strikemaster, ambamo mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega. Miaka ya 1980 zilipelekwa Botswana, na zilipochoka huko, baadhi yake ziliishia mikononi mwa watu binafsi wapenda michezo ya anga. Kodi ya mkulima wa Kiafrika ilinunua chombo cha ulinzi, nacho uzeeni kikawa mchezo wa mtu wa Ulaya.

Jibu jepesi lilinijia upesi: fedha hizo zingejenga zahanati. Lakini nililiona lina kasoro. Kwa kipimo hicho hakuna atakayepona. Redio yangu ingeweza kununua madaftari, na kiti ninachokalia kingeweza kuwa dawa ya mtoto wa jirani. Hoja inayomhukumu kila mtu haimsaidii yeyote kujua afanye nini kesho asubuhi. Tena, nilipojichunguza, nilikuta wivu umejificha ndani yake. Nami niliwahi kuwa na ndege yangu.

Ndege yangu ilikuwa pikipiki. Niliinunua mwaka 1982, nikiwa mwalimu kijana katika kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka hospitali ya hapa. Ilikuwa pikipiki pekee kijijini. Miaka ile petroli ilikuwa adimu kama chumvi ya vita, nami niliiweka akiba katika dumu chini ya kitanda. Sikuitumia kwa mambo makubwa. Jumamosi nilikuwa naiendesha hadi Kalenga, natelemka kuelekea Mto Ruaha Mdogo, upepo ukipiga masikioni, kisha napanda tena na kutelemka tena. Asiyewahi kuonja mwendo ule asimcheke mwenye jeti. Kuna furaha ya kweli katika mashine inayokutii, na siamini kwamba Mungu anaichukia.

Jumamosi moja mwaka 1983 nilirudi jua likizama, nikakuta uani kwangu pametulia kuliko kawaida. Mke wa jirani alikuwa ameshikwa na uchungu tangu asubuhi na mambo yalikuwa yameharibika. Walikuja kwangu ili nikimbie hospitali kuomba gari. Walipiga hodi mlangoni, wakazunguka nyuma, wakamtuma kijana barabarani aniangalie. Mwishowe walimbeba kwa machela. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Jirani yangu hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Alisema tu, "Mwalimu, tulipiga hodi." Hakuna hakimu aliyewahi kunisomea hukumu nzito kuliko hiyo, na hadi leo sijui kama nilikuwa na hatia. Pikipiki ilikuwa yangu. Petroli ilikuwa yangu. Sikumwahidi mtu kwamba ningekuwa nyumbani. Hata hivyo, kila ninaposikia mtu akisema "ni mali yangu", nalisikia neno lile la jirani.

Wapo walioionja furaha hiyohiyo kwa namna nyingine. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood na madaktari wenzake wawili walianzisha Huduma ya Madaktari Warukao ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Wood alikuwa rubani mwenyewe, na alipenda kuruka. Tofauti yake na mimi haikuwa kwamba yeye hakufurahi angani. Tofauti ni kwamba aliweka redio, na hospitali za mbali ziliweza kumpigia hodi.

Kuna na jambo la pili. Wahenga walisema mchezea wembe humkata. Wembe wa wahenga ulikuwa mdogo. Ulimkata mwenye kuuchezea. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege ya zamani ya mafunzo aina ya Hawker Hunter, mali ya mtu binafsi, ilikuwa ikionyesha michezo ya anga. Ilishindwa kukamilisha mzunguko ikaangukia barabara kuu. Watu 11 walikufa, na baadhi yao walikuwa wakipita tu na safari zao. Rubani aliumia vibaya lakini alipona, na mwaka 2019 mahakama ilimwona hana hatia. Simshitaki upya. Nasema tu kwamba wembe wa siku hizi umekua, na humkata asiyeucheza.

Nilikuwa bado sijampa kijana jibu alipokuja likizo mwaka jana. Nilikwenda Dar es Salaam kumpokea, naye akanilaza katika hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege. Mlango ulifunguka kwa kadi, maji ya moto yalikuja bila kuombwa, na vioo vya dirisha vilikuwa vizito kiasi kwamba ndege ziliruka mbele ya macho yangu kama samaki, bila sauti. Kijana alijivunia jambo hilo: "Unaona, Mwalimu? Husikii chochote." Nikakumbuka kwamba miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilipita Dodoma na Mbeya kuelekea Cape Town, na abiria walilala chini usiku kwa sababu ilikuwa desturi kuruka mchana. Wao walilala wakisikia fisi. Sisi hatukusikia hata ndege.

Alfajiri nilitoka nje, kama ilivyo kawaida ya wazee. Nilimkuta mfanyakazi mmoja aliyemaliza zamu akisubiri daladala. Aliniamkia, tukazungumza. Aliniambia anakaa upande wa pili wa uwanja, na ndege hupita juu ya bati lake usiku kucha, hata mtoto hushtuka usingizini. Basi nikaelewa kwamba kelele haikuwa imeondolewa. Ilikuwa imehamishiwa kwake.

Wakati wa chai nilimpa kijana jibu langu. "Mwanangu," nilimwambia, "sikukatazi. Furaha si dhambi, na fedha ni zako kweli. Lakini kabla hujatia sahihi, jiulize mawili. Kelele yake na hatari yake vitamwangukia nani, na je, huyo ameulizwa? La pili: ukiwa huko juu, nani duniani anaweza kukupigia hodi ukaisikia? Ukipata majibu ambayo unaweza kumwambia mtu huyo usoni, nunua."

Alikaa kimya, akikoroga chai iliyokwisha kupoa. Kisha akaniuliza yule mtoto wa jirani angekuwa na umri gani sasa. Nikamwambia: angekuwa mtu mzima, amempita yeye kwa miaka michache.

Amerudi Uingereza. Hisa ile bado hajaniambia kama ameinunua, nami sijamwuliza.