Je, Asiyejua Maana Haambiwi Maana?

Miongoni mwa methali zetu ipo isemayo kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Aghalabu hutumiwa kumnyamazisha aulizaye. Katika makala haya mafupi, natuipime kwa mizani ya wakusanyaji wa sarafu kongwe.

Chukua dola ya fedha ya Marekani iliyochorwa na George Morgan, ambayo ilianza kupigwa mwaka 1878. Kila moja ina uzito wa gramu 26.73, na sehemu tisa katika kumi ni fedha halisi. Mwaka 1921 zilipigwa makumi ya mamilioni. Lakini mwaka 1893, katika kiwanda cha San Francisco, zilipigwa 100,000 tu. Madini ni yale yale, uzito ni ule ule. Kinachozitenga ni mwaka pamoja na herufi ndogo S iliyo upande wa nyuma. Aijuaye alama hiyo huwa tayari kulipa mara nyingi kuliko bei ya fedha iliyomo.

Hapo ndipo linapozuka swali la maadili. Tuseme mama mzee wa Gisenyi amerithi rupia za Wajerumani, zilizoanza kupigwa mwaka 1890 na kutumika hapa Rwanda wakati wa utawala wao uliokoma 1916. Mnunuzi mjuzi anaona kwamba mojawapo ni adimu. Anaipima, analipa bei ya fedha, ananyamaza. Je, ameiba?

Wako watakaomtetea. Watasema kwamba ujuzi wake ameutolea jasho, na kwamba biashara ni maelewano. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana mjuzi anastahili faida. Lakini yako wapi maelewano ikiwa mmoja haelewi anauza nini? Sheria ya Kiislamu inakataza kuwalaki wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Faida imeruhusiwa, kilichokatazwa ni kuivuna katika giza alilomo mwenzako.

Kwa maoni yangu, mnunuzi hana budi kumwambia mama yule kwamba sarafu yake ni adimu, kisha wapatane bei, naye abakiwe na faida ya haki.

Sisi walimu tulipime jambo hili kwa makini zaidi, maana riziki yetu nasi hutokana na ujuzi, na tunalipwa ili tuufumbue. Iwapo asiyejua haambiwi, shule zetu ni za nini?