Kadari na Kujikinga na Maradhi

Wako watu ambao wakinasihiwa waache tumbaku, au wapunguze chumvi na sukari, hujibu kwa neno moja: ajali ya mtu imeandikwa, haitangulii wala haikawii. Neno hili ni la kweli, lakini wao hulitia mahali pasipo pake. Mbona mtu huyo huyo alalapo usiku hufunga mlango wake kwa komeo? Na mbona hulipalilia shamba lake, hali riziki nayo imeandikwa?

Swali hili si geni. Zama za tauni ya Amwas, mwaka 18 wa Hijra (639), Sayyidna Umar bin Al-Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata khabari kwamba maradhi yameingia katika nchi ile. Akashauriana na watu, nao wakakhitalifiana. Kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakiri kwamba anaikimbia, na kwamba anakokimbilia nako ni kwenye kadari Yake. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Basi kinga nayo imo katika kadari, wala haitoki nje yake.

Ama madhara ya ada za kila siku, hayo si dhana tena. Katika Uingereza, mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatia matabibu wavutao sigara na wasiovuta. Hesabu ya miaka 50, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha kwamba asiyeacha kuvuta hupungukiwa na umri kwa kadiri ya miaka 10. Aachaye akiwa na miaka 50 huokoa kiasi cha miaka 6, na aachaye akiwa na miaka 30 huokoa karibu yote. Mwaka 1953 Jerry Morris naye alieleza kwamba makondakta wa mabasi ya London, wapandao na kushuka ngazi mchana kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva wakaao kitini. Wala hakuna aliyewaamrisha mazoezi. Kazi yao iliwatosha.

Lakini hesabu hizi ni za watu wengi, si hukumu ya mmoja mmoja. Yuko mvutaji afikaye miaka 90, na yuko asiyegusa sigara maishani mwake akapatwa na saratani ya mapafu. Kwa hiyo amekosa adabu yule aendaye kumzuru mgonjwa akakaa kumhesabia alivyokula na alivyovuta. Onyo ni la mzima. Mgonjwa hustahiki dawa na maneno mema.

Na wako wasemao kwamba mwili ni wao, wautumie wapendavyo. Hao hawakumtazama mke auguzaye miaka, wala mtoto alalaye chumba kimoja na mvutaji, auvutaye moshi ule usiku kucha bila ya kuuchagua.