Kabla Hujatoboa Boneti

Keti kwanza, mwanangu. Fundi hakimbii, na hiyo faiba ya kupachika juu ya boneti uliyoiona Kirinyaga Road itakuwepo hata kesho. Nimechoka kubishana na vijana juu ya magari, kwa hiyo leo sibishani. Nakueleza tu, kisha utaamua mwenyewe, maana gari ni lako na pesa ni zako.

Subaru Impreza yako ni ya lita 1.5, haina tabo. Zile WRX zenye tabo zinazokunyima usingizi hazikuwekewa tundu juu ya boneti kwa urembo. Tabo inapobana hewa, hewa hiyo hupata moto, na hewa ya moto haishibishi silinda. Ndiyo sababu ya kuwa na intakula ya kuipoza, nao Subaru wakailaza juu ya injini, chini ya boneti. Kitu kilichofunikwa namna hiyo kitapata wapi upepo? Kwenye tundu. Upepo huingia, hupenya kwenye mapezi ya intakula, kisha hushuka chini. Fungua boneti ya WRX utaona mpaka njia iliyotengenezwa kwa ndani ili upepo usipotelee pembeni. Fungua ya kwako: huo upepo unampelekea nani? Injini yako tayari inavuta hewa ya nje kutoka mbele. Ukitoboa hapo juu utakuwa umezikaribishia koili na alternator mvua ya Aprili.

Najua ugonjwa huu umetoka wapi. Dereva McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, Burns naye akashinda 2000, wote na Impreza ya buluu, na nchi hii haijapona mpaka leo. Subaru wenyewe walijitoa kwenye mashindano ya dunia mwisho wa 2008, ninyi ndio mmebaki mkishindana kwenye foleni ya Thika Road.

Ukisema ni urembo, basi sema urembo. Sikukatazi, hata sisi tulifunga taa za ukungu mahali pasipo na ukungu. Ila urembo usikatie bati. Chini ya boneti kuna mbavu, na zimepangwa hivyo ili siku ya kugongana boneti ikunjike inavyotakiwa. Fundi akizipitishia grainda amekuharibia zaidi ya rangi, na bati likiachwa wazi kutu haichelewi.

Faiba nayo uishike mkononi kabla ya kulipa. Igeuze, uielekeze juani: palipo pembamba utaona mwanga ukipenya. Ikiwa inanata, au harufu ya resini bado inakuchoma pua, haijakomaa. Ukiipaka rangi leo itaendelea kusinyaa na rangi itatoa mistari. Kisha ilaze juu ya boneti yenyewe, palepale dukani. Boneti ina mgongo wake, na faiba nyingi hazijui mgongo huo. Ukiona kingo zinaelea, muuzaji atakuambia, "Itakaa tu, mzee, fundi atajaza puti." Ukisikia hivyo, rudisha pesa mfukoni. Puti nene hapo, kwa joto la injini na matuta yetu, itapasuka tu.

Kama imekaa vizuri, ibandike kwa tepu ya pande mbili ile ya magari, na silanti kwenye kingo. Fundi aking'ang'ania skrubu, matundu yawe mapana kidogo, aweke washa, na asikaze kama anayefunga gurudumu, kwa kuwa nyufa za faiba huanzia hapo. Kaa kwenye usukani uhakikishe unaona barabara. Watu wa bima nao waambie mapema, wasije wakaigundua siku ya ajali.

Haya, chukua funguo. Ila upitie kwanza kwa makanika akutazamie plagi, maana nimelisikia gari likikohoa ulipokuwa ukiingia getini.