Je, Bonde la Olduvai Lakanusha Uumbaji?



Yako maswali ambayo mtu huyauliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa aogopa kwamba jibu litamnyang'anya kitu akipendacho. Mojawapo ni hili: ikiwa mwili wa binadamu umeifikia hali yake ya sasa kwa mageuko ya miaka mamilioni, imebaki nafasi gani ya Muumba? Kijana wa Mikocheni, au wa Kinondoni, au wa Temeke, husoma habari za zamadamu shuleni asubuhi, na jioni akasikia katika darsa kwamba mtu ameumbwa kwa udongo. Wapo wamwambiao achague: ama kitabu cha shule, ama Kitabu cha Mungu. Basi katika mtihani huandika jambo moja, na katika sala hukiri jingine, na moyo uliogawanyika hivyo haupati utulivu. Wako walioiacha dini kwa sababu hiyo, na wako walioichukia elimu kwa sababu hiyo hiyo. Makundi yote mawili yamepata hasara isiyokuwa ya lazima.

Jambo hili si la watu wa mbali. Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859, na katika kitabu kingine cha mwaka 1871 alikisia kwamba yaelekea chimbuko la binadamu ni Afrika. Tarehe 17 Julai 1959, miaka mia moja baada ya kitabu kile cha kwanza, Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukichomoza ardhini katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika. Mumewe Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete nchini Kenya na mwana wa wamisionari, akaliita fuvu hilo Zinjanthropus, kwa jina la Zinj ambalo Waarabu wa zamani waliiita pwani yetu. Umri wake ulipopimwa kwa miamba ya volkano ulionekana kuwa yapata miaka 1,750,000. Fuvu hilo limehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, jijini Dar es Salaam. Na huko Laetoli, kusini ya Olduvai, mwaka 1978 zilifunuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita.

Lapasa kwanza tuyaeleze haya kwa uaminifu. Watu wengi hudhani wataalamu wasema kwamba mtu amezaliwa na nyani hawa tuwaonao mbugani. Hawasemi hivyo. Wasema kwamba binadamu na sokwe ni matawi mawili yaliyoachana katika shina moja la kale. Hata yule Zinjanthropus, kwa rai ya wataalamu wa leo, si babu yetu, bali ni wa tawi la pembeni lililokauka. Anayebishana na maneno ambayo mpinzani wake hakuyasema hajamshinda mtu.

Wala mageuko si habari za kale peke yake. Sote twakumbuka klorokwini, dawa iliyotibu malaria katika kila nyumba. Miongoni mwa vimelea vya malaria walikuwamo wachache waliotofautiana kidogo na wenzao. Dawa ikawaua wengi, wale wachache wakasalia na kuzaana, mpaka dawa ikashindwa. Ndiyo maana Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2006 ikaingia katika dawa ya mseto. Aliyeuguza mtoto katika miaka ile ameyaona mageuko kwa macho yake, ijapokuwa hakuyaita kwa jina hilo.

Basi je, haya yamwondoa Muumba? Tafakari juu ya mtoto aliyezaliwa jana Mwananyamala. Mama yake asema, "Mungu ameniumbia mtoto," na hasemi uongo. Lakini muulize mwanafunzi wa udaktari katika chuo kilichopo hapo Mikocheni, atakueleza jinsi mtoto yule alivyoanza kwa chembe moja isiyoonekana kwa macho, akapita hatua kwa hatua kwa muda wa miezi tisa. Hakuna muumini ambaye imani yake huvunjika kwa habari hiyo. Ikiwa kuumbwa kwa miezi tisa hakumkanushi Muumba, kuumbwa kwa miaka mamilioni kutamkanushaje? Urefu wa muda haubadili asili ya hoja.

Mpinzani mwerevu atajibu: "Mtoto hukua kwa mpango uliokwisha kuandikwa katika chembe za urithi, bali mageuko huendeshwa na bahati nasibu." Hoja hii ina uzito, nayo yastahili jibu. Sayansi yaweza kusema kwamba mabadiliko katika chembe za urithi hayatokei kwa kuangalia haja ya kiumbe. Lakini mabadiliko hayo huchujwa kwa kanuni zisizobadilika, na kanuni hizo si bahati nasibu. Kwa nini ziwepo kanuni, na kwa nini zielekee kumtoa kiumbe awezaye kuzichunguza? Hakuna kipimo cha maabara kipimacho kusudi. Asemaye kwamba ulimwengu hauna kusudi ametoka katika sayansi, ameingia katika imani yake mwenyewe. Nami sisemi kwamba hoja hii yathibitisha kuwako kwa Mungu. Imani hai hutegemea wahyi, na dua zijibiwazo, na mwenendo wa watu wa Mungu. Nasema tu kwamba fuvu la Olduvai haliwezi kuitoa hukumu ambayo haliko katika daraja la kuitoa.

Na Kurani Tukufu yasemaje? Sura Nuh yafundisha kwamba watu wameumbwa kwa hatua mbalimbali, na kwamba wameoteshwa katika ardhi mfano wa mmea. Sura Al-Hajj yatuonya kwamba siku iliyo kwa Mola wetu ni kama miaka elfu katika hesabu yetu. Katika Sura Al-Baqara malaika wanapoambiwa habari za khalifa, wauliza juu ya ufisadi na umwagaji wa damu, na wafasiri wengine, hasa katika Jumuiya ya Ahmadiyya, wamefahamu kwamba watu walikwisha kuwako, na kwamba Adamu alikuwa Nabii, yaani mwanzo wa kizazi cha watu wenye jukumu mbele ya Mungu. Waislamu wengi hawaikubali tafsiri hiyo, nao wana hoja zao. Hata hivyo wazo la viumbe kupandana daraja si geni katika Uislamu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, alieleza daraja zinazoungana kutoka madini hadi mimea, hadi wanyama, hadi kufikia binadamu mwenye fikra.

Liko swali zito zaidi ya hayo. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba chembe ya urithi ya selimundu humkinga na malaria yule aliyeirithi kwa mzazi mmoja. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na ugonjwa wenye maumivu makali. Kwa hiyo mtoto mmoja aumia kwa sababu ya kinga iliyowaokoa wengi. Mzazi aliyekesha na mtoto wa namna hiyo ana haki ya kuuliza: je, hivi ndivyo Mwingi wa Rehema aumbavyo?

Sitakuambia, msomaji mpenzi, kwamba maumivu yale ni kitu kidogo, wala kwamba ni adhabu ya dhambi ya mtu. Nasema mambo mawili. La kwanza, anayelalamika kwamba maumivu ya mtoto si haki ameshuhudia kwamba iko haki iliyo juu ya maumbile. Maumbile yenyewe hayajui haki. Yajua kubaki na kutoweka tu. Ikiwa hakuna ila maumbile, malalamiko yale hayana mahali pa kupelekwa, na hesabu ya mtoto yule imefungwa siku aliyozikwa. Muumini ana mahali pa kuyapeleka, na anaamini kwamba hesabu haijafungwa. La pili, sisi tumepewa akili na huruma ili tusiyaache maumbile yatende peke yake. Kupima damu kabla ya ndoa, kumpeleka mtoto kliniki, kumchangia damu mgonjwa, haya nayo ni ibada.

Hapa ndipo ionekanapo heshima ya binadamu. Wako waliotumia jina la sayansi kuyapanga mataifa juu na chini, na kumweka Mwafrika chini kabisa. Uchunguzi ule ule sasa washuhudia kwamba wanadamu wote wana chimbuko moja, nalo li katika bara hili. Basi hakuna wa kujivuna kwa nasaba. Thamani ya mtu haiko katika jinsi mwili wake ulivyofika hapa, bali katika kuwa yeye huulizwa na Mola wake. Simba haulizwi kwa kumla swala. Wewe huulizwa kwa kumpunja jirani.

Kwa hiyo, ewe kijana usomaye, andika katika mtihani wako yale yaliyothibitika, pasipo woga na pasipo unafiki, kwani Mungu wa kweli hahitaji kutetewa kwa uongo. Kisha simama katika sala yako kwa moyo ule ule mmoja. Nawe uliye katika kuitafuta dini, usiikatae kwa sababu ya maneno ya wale waiogopao elimu. Ichunguze kwa haki, na umwombe Mwenyezi Mungu mwenyewe akuongoze. Mwenyezi Mungu atujalie elimu isiyo na kiburi, na imani isiyo na hofu. Amin.