Mapenzi ya Mzazi na Mizani ya Wataalamu

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Walinena hayo bila kupima chochote kwa mitambo. Siku hizi wako wataalamu wanaoipima kazi hiyo. Humvika mzazi kofia na mtoto kofia, kisha hupenyeza mwanga hafifu fuvuni ili kujua jinsi damu inavyobeba oksijeni katika ubongo. Kwa njia hiyo huchungua kama bongo mbili zinakwenda sanjari wakati mzazi na mtoto wanapocheza au kuzungumza.

Jambo hili latuhusu sisi walimu. Kila siku tunapokea watoto wa watu, na mara nyingi, pasipo kutamka neno, tunawahukumu wazazi wao. Basi yafaa tujiulize: je, mzazi mwema ni yule aliye sawa na mwanawe wakati wote, moyo kwa moyo?

Tuanze na yale yaliyoonekana. Mwaka 2018 Vanessa Reindl na wenzake wa Ujerumani walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka 5 hadi 9. Kila mtoto alicheza mchezo wa kompyuta pamoja na mzazi wake, mara wakishirikiana, mara wakishindana. Kisha akacheza vivyo hivyo na mtu mzima asiyemjua. Mzazi na mtoto waliposhirikiana, sehemu fulani za bongo zao zilipanda na kushuka pamoja. Waliposhindana, au mtoto alipocheza na mgeni, ulinganifu huo haukuonekana.

Habari hiyo yapendeza, lakini yataka uangalifu. Watu wawili wakisikiliza ngoma moja, bongo zao zaweza kufanana kwa sababu ya ngoma, wala si kwa sababu ya kupendana. Ndiyo maana wachunguzi hao walimtia mgeni katika mchezo ule ule. Hata hivyo, mchezo wa muda mfupi si malezi ya miaka kumi, na kipimo cha damu kichwani si kipimo cha mapenzi.

Isitoshe, wachunguzi wengine wametuonyesha kwamba ulinganifu wa daima haupo, wala hautakiwi. Mwaka 1989 Edward Tronick na Jeffrey Cohn wa Marekani waliwatazama akina mama wakicheza na watoto wao wachanga. Waliona kwamba wawili hao walikuwa katika hali moja kwa kadiri ya thuluthi moja tu ya wakati. Muda uliobaki walipishana: mmoja acheka, mwingine ageuza uso, kisha hutafutana na kupatana tena. Mwaka 2001 Joseph Jaffe, Beatrice Beebe na wenzao walieleza jinsi walivyopima mapokezano ya sauti baina ya mama na mtoto wa miezi minne. Watoto walioonekana kuwa na utulivu na mama zao walipotimiza mwaka mmoja hawakuwa wale waliofuatana nao kupita kiasi, bali wale wa kadiri ya kati. Kumfuata mtu kila pumzi huenda ni dalili ya wasiwasi.

Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali letu. Mzazi hana deni la kuwa sawa na mtoto daima. Deni lake ni kurudi. Akimkosa mtoto, amtafute. Akimwelewa vibaya, amsikilize upya. Mtoto ambaye hakukosana na mzazi hata mara moja angejifunzia wapi kwamba kukosana si mwisho wa kupendana?

Huenda msomaji akasema kwamba maneno haya yanampa mzazi mzembe pa kujificha. Sivyo. Mwaka 1978 Tronick na wenzake walieleza jaribio ambalo mama, baada ya kucheza na mwanawe, aliuacha uso wake mkavu usio na dalili yoyote kwa dakika chache. Mtoto alijaribu kumvuta kwa tabasamu na kwa mwili. Alipoona hajibiwi, aligeuza uso na kunyong'onyea. Katika jaribio lile mama alirudi upesi. Lakini wako watoto ambao uso wa mzazi wao haurudi, ama kwa ulevi, ama kwa majonzi yasiyopata msaada, ama kwa sababu macho yake yamezama katika simu tangu jioni hadi usiku. Kupotea mara kwa mara ni ubinadamu. Kutorudi ni kumnyima mtoto haki yake.

Tena, tusidhani kwamba njia ya kurudi ni moja. Robert LeVine na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya Wakisii wa Kenya, walieleza kwamba mama wa huko hakuwa na desturi ya kumtazama mtoto mchanga machoni na kuzungumza naye sana. Lakini mtoto alipolia, alishikwa na kutulizwa upesi. Mtaalamu anayetafuta mapenzi machoni tu angeandika kwamba hapo hapana kitu, kumbe mapenzi yamo mgongoni, ndani ya mbeleko.

Hapa Uganda tunao ushahidi wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1954 na 1955 Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Hakuwa na kofia za mwanga. Alikaa, akatazama, akauliza. Mojawapo ya mambo aliyoyagundua ni kwamba watoto waliotulia kwa mama zao aghalabu walikuwa wa wale mama walioweza kusimulia habari za watoto wao kinaganaga: alalavyo, aliavyo, apendacho na akichukiacho. Mama hao waliwajua watoto wao.

Basi sisi walimu tushike adabu hiyo. Mtoto anapopiga magoti na kuinamisha macho mbele ya baba yake, tusikimbilie kusema kwamba nyumbani kwao hakuna upendo. Mama anapofika shuleni amechoka na kazi ya shamba, uso wake umekauka, tusimpime kwa uso huo. Tumwombe atusimulie habari za mwanawe, nasi tumpe nafasi ya kusema. Akisimulia, huenda tukagundua kwamba anamjua kuliko tulivyodhani. Na asipokuwa na la kusimulia, hukumu haitamsaidia. Aliyemwona mtoto wake darasani kutwa nzima ndiye wa kuanza kumweleza.